512, 9 na 0777: nambari tatu, jambo moja

Wiki iliyopita nilipoteza jioni nzima kwa sababu ya nambari moja tu.

Nilikuwa nasoma msimbo wa Unix, toleo la 6 la mwaka 1975, lile ambalo John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwaandikia wanafunzi wake ufafanuzi. Pale faili inaposomwa kutoka kwenye diski nikakuta 0777. Mtumiaji yeyote wa Linux akiona 777 anajua ni ruhusa: kila mtu asome, aandike, aendeshe. Nikatafuta ruhusa inahusikaje pale. Wapi!

Diski ya Unix hiyo iligawanywa kwa bloku za baiti 512, na mistari mitatu iliyofuatana ilisema hivyo kwa sura tatu. Wa kwanza ulisogeza biti 9 kupata ni bloku ya ngapi, maana 2 ukiizidisha yenyewe mara 9 ni 512. Wa pili ulitumia 0777, ambayo kwa hesabu yetu ya kumi ni 511, kupata nafasi ndani ya bloku. Wa tatu ndio ulioandika 512 yenyewe. Sasa wewe unataka bloku kubwa zaidi. Ukitafuta 512, ile mistari miwili inakuponyoka. Ukibadilisha kila 0777, unaigusa 07777 ya chmod, ambayo ni ruhusa kweli!

Toleo la 7, mwaka 1979, likaandika BSHIFT, BMASK na BSIZE, zote zikiwa zimeelezwa katika faili moja, param.h. Kwa mashine hakuna kilichobadilika, kwani majina hugeuzwa kuwa nambari zilezile kabla msimbo haujatafsiriwa. Aliyefaidika ni msomaji. Baadaye Berkeley waliongeza bloku hadi baiti 1024, na kasi ikazidi maradufu. (Sisemi majina ndiyo yaliyoleta kasi, lakini kazi yenyewe ilikuwa na pa kuanzia.)

Ajabu ni kwamba mwaka 2016 Linus Torvalds alitaka kinyume chake katika Linux: acheni S_IRUGO, andikeni 0444, inasomeka vizuri zaidi. Kwa ruhusa nakubaliana naye, tarakimu zile tumezizoea. Ila ile 0777 ya bloku bado inanidai jioni yangu.