Kompyuta Nyembamba na Kompyuta ya Michezo

Kijana wa chuo aliye na kompyuta nyembamba ya kupakata, akimwona mwenzake anayo ile kubwa ya michezo, yenye feni mbili na taa za rangi chini ya vibonye, aghalabu huingiwa na hamu ya kubadilishana naye. Mwenye ile kubwa naye, baada ya kuibeba begani muhula mzima, huitazama ile nyembamba kwa jicho la husuda. Basi hupatana, hubadilishana, na pengine kabla ya mwezi kwisha kila mmoja huitamani tena ile aliyoitoa. Watu wazima husema ya kwamba huo ni utoto. Mimi sioni hivyo. Shauri linalowasumbua vijana hawa ndilo lililowasumbua mafundi wakubwa wa ulimwengu kwa zaidi ya miaka hamsini, na hata leo halijakatwa.

Katika mwaka wa 1972 mtaalamu Mmarekani, Alan Kay, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika makala akaeleza chombo alichokiita Dynabook. Kilikuwa kiwe na ukubwa wa daftari, kisizidi ratili nne kwa uzito, na kilikusudiwa hasa watoto wasomee na kuandikia. Chombo hicho hakikuundwa, maana vipande vidogo vya kukiundia havikuwapo. Walakini wazo lilikwisha kuzaliwa, nalo lilikuwa wazo la wembamba.

Kilichokuja kwanza sokoni hakikuwa chembamba hata kidogo. Katika mwaka wa 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na ilipofungwa ilifanana na cherehani ndani ya sanduku lake. Tena haikuwa na betri. Mwenyewe aliibeba mpaka penye umeme, ndipo akaitumia. Hata hivyo watu waliinunua kwa dola 1,795 na wakafurahi, jambo linaloonyesha jinsi walivyokuwa na kiu ya kutembea na kazi zao. Mwaka uliofuata ikatokea GRiD Compass, iliyobuniwa kwa umbo na Mwingereza Bill Moggridge. Yeye ndiye aliyekifanya kioo kikunjwe juu ya vibonye kama jalada la kitabu, na umbo hilo ndilo tulilo nalo hata sasa. Uzito wake ulikuwa kilo 5 hivi, na bei yake zaidi ya dola 8,000. Shirika la anga la Marekani liliweza kuinunua na kuipeleka angani. Mwalimu wa shule hakuweza.

Hapa yafaa tusimame tuulize: kwa nini nguvu na wembamba havikai nyumba moja? Sababu yake ni joto. Umeme wote unaoingia katika kichakataji, yaani kile kipande kifanyacho hesabu zote za kompyuta, hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Njia yake ya kutokea ni chuma na hewa: mabomba ya shaba, mapezi, na feni. Vitu hivyo vyataka nafasi, na nafasi ndiyo unene. Kompyuta nyembamba isiyo na nafasi hujiponya kwa kupunguza mwendo wake yenyewe inapopata moto, kama mtu apandaye mlima anavyopunguza hatua ili asiishiwe na pumzi.

Kwa muda mrefu mafundi walikingwa na bahati. Katika mwaka wa 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha ya kwamba kadiri sehemu za kichakataji zinavyofanywa ndogo, ndivyo zinavyohitaji umeme mchache, hata nguvu ikaongezeka bila ya joto kuzidi. Ilipofika kama mwaka wa 2005 bahati hiyo ilikwisha, kwa kuwa sehemu zilikuwa ndogo mno na umeme ukaanza kuvuja. Kampuni ya Apple iliyaonja machungu hayo. Mwaka wa 2003 ilitoa kompyuta ya mezani yenye kichakataji kilichoitwa G5, ambayo ndani yake mlikuwa na feni tisa. Wateja wakaingoja G5 ya kupakata, wakangoja sana. Haikuja kamwe. Mwaka wa 2005 Steve Jobs alitangaza ya kwamba wataacha vichakataji hivyo na kuhamia vya Intel, na sababu moja aliyoitaja ni kazi ipatikanayo kwa kila wati la umeme. Mnamo Januari 2008 akasimama jukwaani akaitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya ofisini. Ilikuwa na kilo 1.36, na penye unene mkubwa kabisa haikufika sentimita 2. Ila haikuwa na mahali pa kutia sidii.

Wapenda michezo walikuwa wakienda njia nyingine. Kampuni ya Alienware ilianzishwa Miami mwaka wa 1996, na Nvidia ikatoa GeForce 256 mwaka wa 1999, kipande cha kuchora picha kilichoupunguzia mzigo kichakataji kikuu. Kipande kama hicho ndicho moyo wa kompyuta ya michezo, nacho kina ulafi wa umeme. Mwaka wa 2017 Nvidia ilijaribu kuwapatanisha wagomvi wetu kwa mpango ulioitwa Max-Q, yaani kukipa kipande kikubwa umeme mchache ili kiingie katika umbo jembamba. Hapo ndipo mnunuzi asiyejua huponzwa. RTX 3080 ya kompyuta za kupakata, iliyotoka mwaka wa 2021, iliweza kupewa wati 80 katika kompyuta moja na 150 katika nyingine, na jina lililobandikwa lilikuwa lile lile.

Na betri je? Mashirika ya ndege huruhusu bila kibali betri isiyozidi wati 100 kwa saa, hivyo kompyuta kubwa za michezo huishia 99. Fanya hesabu: kipande kilacho wati 150 peke yake kitaimaliza betri hiyo kwa dakika 40. Ndiyo maana kompyuta hizo hupunguza nguvu zinapochomolewa ukutani. Wakenya walioketi gizani nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023 hawahitaji kuelezwa zaidi. Kinyume chake, MacBook Air ya mwaka wa 2020, yenye kichakataji cha M1, haina feni hata moja, na hufanya kazi mchana kutwa bila waya. Lakini michezo mingi mikubwa haikuandikwa kwa ajili yake.

Kwa maoni yangu, anayesomea uchoraji wa majengo au kutengeneza filamu ana haki ya kubeba uzito ule, maana kazi yake ndiyo inayoudai. Anayeandika insha na kusoma vitabu atabeba mawe ya mtu mwingine. Naye aliyekwisha kuazimia kubadilishana asitazame taa za rangi, bali aipindue chaja asome wati zake. Ya MacBook Air ile imeandikwa 30. Za michezo huandikwa 230, hata 330, na chaja peke yake huweza kukaribia kilo moja.