Panya wa Entebbe na Homa ya Newala

Homa iliyozuka Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde katika Tanzania ya leo, mwaka 1952 ilimwangusha mtu ghafla, ikamtoa vipele, kisha ikamkaza viungo asiweze kusimama wima. Wenyeji waliiita chikungunya. Daktari Marion Robinson ndiye aliyeeleza dalili zake katika jarida la kitabibu mwaka 1955, na W.H.R. Lumsden akaeleza jinsi ilivyoenea. Suala la maji halikukosekana: uwandani Newala mito hakuna, wanawake walishuka mteremko mrefu kuteka maji mabondeni, na yaliyowekwa akiba majumbani yaliwafaa mbu aina ya Aedes aegypti kutagia mayai.

Kisababishi kilitafutwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki. Wakati huo ufundi wa kukuza virusi kwenye seli ndani ya chupa ulikuwa bado mchanga, hivyo kipimo kilikuwa kiumbe hai. Mtafiti R.W. Ross alitumia vitoto vya panya weupe, ambavyo kinga yao ni dhaifu. Sindano nyembamba ilipenyezwa katika fuvu ambalo bado ni laini, na seramu ya mgonjwa wa Newala, au majimaji ya mbu waliopondwa, ikaingizwa kwenye ubongo. Kisha ilikuwa kungoja. Kitoto kilichougua kilitolewa ubongo, ukasagwa, ukadungwa vitoto vingine. Katika kazi hiyo kufa kwa mnyama hakukuwa ajali. Ndiko kulikokuwa jibu lenyewe.

Taasisi hiyohiyo ilikuwa imewahi kuweka kima kutoka Asia kwenye vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, wawe chambo cha mbu. Mmoja wao, aliyejulikana kwa namba 766 tu, alipata homa Aprili 1947, na katika damu yake vikapatikana virusi vilivyopewa jina la msitu huo, Zika. Majina ya watafiti yamebaki vitabuni. Mnyama alibaki na namba, na panya hata hiyo hawakuipata.

Hata hivyo, ukatili wa majaribio haukuwa kwa wanyama peke yao. Mwaka 1906 na 1907 daktari Robert Koch aliwadunga wagonjwa wa malale wa visiwa vya Sese, Uganda, dawa ya atoksili yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka kabisa. Ukilinganisha na hayo, panya wa Entebbe waliwabebea watu mzigo, ingawa mzigo huo hawakuuomba.

Uingereza, iliyotawala Uganda wakati wa majaribio ya Entebbe, ilikuwa na sheria ya kudhibiti majaribio kwa wanyama tangu 1876. Mwaka 1959, miaka mitatu baada ya Ross kuchapisha matokeo yake, wanasayansi William Russell na Rex Burch walipendekeza mnyama abadilishwe na njia nyingine inapowezekana, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kwa binadamu, Azimio la Helsinki la 1964 lilidai ridhaa ya mshiriki.

Leo chikungunya hupimwa kwa damu kidogo na mashine, bila panya. Lakini wanyama hawajaachwa: chanjo yake ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023, ilipimiwa kiwango cha kinga kwa kima waliotiwa seramu ya watu waliochanjwa, kisha wakaambukizwa virusi makusudi.