Mali na Ukoo: Kutoka Tembe ya Kwihara hadi Riwaya
Nyumba za tembe kama hii ya Kwihara, zenye kuta nene za udongo, paa bapa na mlango wa nakshi, zilikaliwa na matajiri wa misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wageni wengi humuulizia mpelelezi Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872. Lakini zilikuwa kwanza nyumba za familia: wake, watoto, wakwe, wadeni, watumwa, na pembe za ndovu zikisubiri wapagazi.

Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa misafara, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ukwe huo ulimfungulia milango ya biashara. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Mali na ukoo vilisimuliwa hata mbali na njia hiyo: mwaka uliofuata Mwingereza John Galsworthy alitoa riwaya yake ya kwanza ya ukoo tajiri wa Forsyte wa London. Humo Soames, mmoja wa ukoo huo, anamhesabu hata mkewe, Irene, kuwa mali yake. Galsworthy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Mwandishi wa njia yetu ya misafara ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Nobel mwaka 2021. Katika riwaya yake Paradise (1994), Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, kisha anafuata msafara wake bara. Ukatili wa Soames ni wa sebuleni. Ule wa kumtoa Yusuf kwa deni una risiti. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, inaitwa Peponi. Itafute uisome.