Kamera tatu, programu mbili: ile inayopotea njiani

Wale kati yetu wanaofanya video za ndoa na sherehe watanielewa haraka. Mwaka fulani tulifilimu siku ya kutoa diploma na kamera tatu. Nilizipatanisha kwa sauti, nikakata, kisha nikatumia rafiki kazi yote arekebishe rangi mu programu ingine. Makato yote yalifika vizuri. Nyuma ya siku tatu mama mumoja akauliza: mbona mtoto wangu haonekani akipokea diploma yake? Alikuwa ku kamera ya pili. Lakini kwa rafiki kamera ya pili haikuwako tena. Ilibakia tu picha niliyokuwa nimechagua. Tulianza kupatanisha upya, usiku muzima.

Nilikasirikia rafiki, kumbe bure. Hii tatizo inatupita sisi wote umri.

Ku Marekani, mwaka 1951, kipindi I Love Lucy kilianza kufilimiwa na kamera tatu za milimita 35 mbele ya watu, Karl Freund akisimamia picha. Kwa montaji walitumia mashine ya Moviola iliyoongezewa vichwa, filamu tatu ziende pamoja. Fundi anaona zote, anachagua. Kila kitu kilikuwa mu chumba kimoja, basi hakukuwa kitu cha kuhamisha.

Kuhama kulikuja na kanda za video. Mwaka 1971 CMX, kampuni iliyozaliwa na CBS na Memorex, ilitoa CMX 600, mashine ya montaji inayoongozwa na ordinateri. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya kuamulia tu. Kazi ya mwisho ilijengwa upya kutoka kanda zenyewe, kwa kufuata orodha ya maamuzi. Ile orodha njo EDL. Muundo wa mashine yao ya nyuma, CMX 3600, ukawa lugha ambayo karibu kila programu inaelewa: namba ya kato, jina la kanda, wakati wa kuingia na wa kutoka, kwa saa, dakika, sekunde na picha. Ni maandishi matupu, unaweza kuyanakili mu kaye. Na kamera ambayo hukuchagua haina hata mstari mumoja, juu mashine ilihitaji kujua tu nini ya kurekodi.

Miaka ilipita, programu zikajifunza kuandika mengi zaidi. XML ya Final Cut Pro 7 iliweza kubeba pembe zote za kamera, hata zile zisizotumika. Watu wakazoea.

Halafu, tarehe 21 Juni 2011, Apple ikatoa Final Cut Pro X. Haikufungua miradi ya Final Cut 7. Haikutoa XML wala EDL. Montaji ya kamera nyingi haikuwemo kabisa. Programu ya zamani ikaondolewa sokoni siku zile zile. Fikiria mtu mwenye miaka kumi ya kazi mu diski zake! Wengi walihamia Avid ao Premiere, na Adobe iliwakatia bei nusu. Kwa maoni yangu Apple ilikosea hapo, hata kama programu yenyewe baadaye ilikuwa nzuri. XML ilirudi mwezi wa 9, lakini ya namna mpya, FCPXML. Kamera nyingi zilirudi Januari 2012, mpaka pembe 64. Daraja kati ya zamani na mpya lilijengwa na kampuni ndogo, Intelligent Assistance, kwa programu yake 7toX.

Cha kuchekesha: Final Cut 7 ilikufa, lakini XML yake Premiere na DaVinci Resolve zinaisoma mpaka sasa. Shida ni kwamba kila programu inaandika kamera nyingi kwa namna yake. Premiere inaziweka mu sekwensi ndani ya sekwensi. Ingine haielewi vile. Basi watu wanabonyeza amri ya kubakiza pembe moja tu, njo kazi ipite bila kuvunjika. Mimi pia ninaibonyeza. Lakini kwanza ninanakili mradi, ninaandika tarehe ku jina, na majina ya mafaili ya kamera siyagusi.

Ule mama alipata sekunde zake kumi na mbili asubuhi yake.