Michezo ya kale ya kompyuta: upi umalize, upi uuache njiani?

Msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe baada ya kipindi cha teknolojia. Alikuja Dar es Salaam kuchukua mzigo Kariakoo, akapita kwa vijana wanaojaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, akawekewa na michezo mitatu ya zamani ya kompyuta: Rogue, Wizardry na Ultima IV. Ameianza yote, hajamaliza hata mmoja, na simu anaichaji kwa kulipia kwenye sola ya jirani. Anauliza: ashike upi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani mchezo mmoja wa aina hii unaweza kula wiki nzima, pengine miezi.

Ni michezo ya namna gani?

Humu huchezi mpira wala huendeshi gari. Unapewa mhusika ambaye nguvu, akili na afya yake vinahesabiwa kwa namba. Unamtembeza mapangoni na mijini, anapigana, anakusanya mali, na kadiri anavyopambana ndivyo namba zake zinavyopanda. Chimbuko lake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Mwaka uliofuata, Rusty Rutherford aliuleta mtindo huo kwenye PLATO, mtambo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mchezo wake aliuweka kwenye nafasi ya faili la kazi lililoitwa pedit5. Wasimamizi waliugundua, wakaufuta.

Mwaka huo huo wa 1975 ndipo lilipofunguliwa jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli. Ila kompyuta usingeikuta hapo. Mwaka 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Michezo hii ikazaliwa, ikakua na kupitwa na wakati kabla wengi wetu hatujaona kioo cha kompyuta.

Sisi tuliokua baadaye tulikutana na mabanda ya gemu. Unatoa sarafu, unacheza, muda ukiisha unampisha mwenzako aliyesimama nyuma yako. Banda linafaa kwa mpira na ngumi. Mchezo wa kuzunguka nchi nzima ukimtafuta mtu mmoja anayejua neno moja, nani angekuachia kiti? Ndiyo maana nadhani vijana wengi wa mjini wanajua kupiga penalti za kwenye kioo, lakini hawajawahi kusikia Ultima.

Mitatu ya msikilizaji wetu

Rogue ulitolewa mwaka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman, akisaidia Ken Arnold. Hauna picha. Wewe ni alama ya @, adui ni herufi. Unashuka ngazi 26 za pango kutafuta hirizi, kisha upande nayo hadi juu. Ukifa, umekufa, faili lako linafutwa na pango linapangwa upya. Mimi sijawahi kuumaliza na sioni haya. Huu ni wa dakika ishirini ukisubiri gari, si wa kujifungia nao.

Wizardry wa mwaka 1981, ulioandikwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead, ni kazi ya subira. Unaongoza kikosi cha watu sita katika ngazi kumi, kila moja ina miraba 20 kwa 20, na mchezo haukuchorei ramani. Utachukua daftari la hesabu na penseli. Mtu wako akifa unampeleka hekaluni unalipia afufuliwe. Ikishindikana anageuka majivu, ikishindikana tena amepotea moja kwa moja. Wanaopenda kuchora ramani watafurahi. Kwa anayelipia chaji, naona ni gharama: jioni nzima inaweza kwenda kumrudisha mmoja wa kikosi, na mwisho wenyewe hausemi mengi.

Huo wa tatu ndio ningeumaliza. Richard Garriott, aliyeanza mfululizo wa Ultima mwaka 1981, ameeleza kuwa aliona wachezaji wakiiba madukani na kuua raia ili washinde upesi. Mwaka 1985 akatoa Ultima IV, ambao hauna mfalme muovu wa kuangushwa mwishoni. Kazi yako ni kuwa mtu mwema katika mambo manane, yakiwemo ukweli, huruma, ushujaa, haki na unyenyekevu. Unampa maskini sarafu, unatoa damu kwa mganga. Ukikimbia vita, ushujaa unashuka.

Sehemu ninayoipenda ni duka la dawa za uganga. Muuzaji ni mwanamke kipofu. Anakutajia bei, kisha wewe ndiye unayeandika kiasi unachotoa. Ukiandika pungufu anapokea, na hapo hapo hakuna kinachotokea. Mchezo umeshaweka hesabu. Siku utakapotaka kufika mwisho, milango haifunguki.

Kariakoo ningemwelewa haraka mtu anayeona hapo ni pa kupunguza bei. Lakini kupatana bei ni kwa wawili wanaoonana, na huyu mama haoni.

Kabla hujaanza

Ultima IV unatolewa bure kihalali, na faili zake ni ndogo kuliko picha moja kubwa ya simu. Programu ya kuuendeshea, ScummVM, ndiyo itakayokula bando, hivyo ipakue ukiwa penye Wi-Fi. Rogue nao hauna shida, na mrithi wake NetHack, wa mwaka 1987, ni bure pia kwenye simu za Android. Wizardry bado una wenyewe. Nakala ya mtaani huenda ni ya wizi na pengine imebeba virusi.

Lugha ni Kiingereza, lakini chepesi. Unaandika neno moja, name au job, na mtu anajibu. Weka daftari pembeni, andika nani kasema nini na mji gani, maana ukiacha siku tano hutakumbuka.

Na kama msikilizaji wetu tayari amemlipa yule mama pungufu, asifute mchezo. Arudi dukani, anunue dawa kidogo kidogo na alipe bei kamili kila mara. Namba zitapanda tena, ingawa polepole kuliko zilivyoshuka.