Malele: Zambarau Iliyotoka Mitini

Katika mwambao huu, Mafia ikiwamo, magome ya mikoko na miti mingine huota nyuzi za kijivu, zilizoning'inia mithili ya ndevu za mzee. Ndiyo malele, wengine huyaita marere. Si majani wala si mizizi. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alitangaza kwamba vitu vya jinsi hii ni viumbe wawili katika umbo moja: kuvu ajengaye nyumba, na mwani ampikiaye chakula kwa nuru ya jua. Wataalamu wengi wa zama zake walimkatalia.

Kilichowavuta wafanyabiashara ni rangi isiyoonekana kwa macho. Malele yangali mtini hayana hata dalili ya zambarau. Sharti yasagwe, yalowekwe katika maji yenye amonia (zamani mkojo uliochacha ulitosha, na msomaji asione haya), kisha yakorogwe na kupata hewa kwa siku nyingi, hata zambarau ikachomoza. Ukoo wa Rucellai wa Florence ulitajirika kwa ufundi huo katika zama za kati.

Katika karne ya 19 malele yalitajwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Unguja, pamoja na pembe, karafuu, sandarusi na kauri. Mafia ilikuwa milki ya Sultani, na mapatano ya 1886 yakamthibitishia. Mwaka 1890 ikaingia mikononi mwa Wajerumani. Malele yaliondoka pwani yakiwa makavu, nayo rangi, ambayo ndiyo thamani yenyewe, ikazaliwa ng'ambo. Makarani waliandika uzito na bei. Mikono iliyokwangua magome haikuandikwa, na ni vigumu kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Mwaka 1856, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alipata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe jijini London. Biashara ya malele haikufa siku hiyo. Ilidhoofu polepole, mwishowe neno lenyewe likabaki zaidi katika kamusi kuliko vinywani. Miti ilipumzika, maana malele hukua taratibu mno.

Lakini hayakutoweka kabisa katika kazi za watu. Litmasi hutokana na ndugu zake hao hao, na mwanafunzi wa kemia achovyaye karatasi ya buluu katika maji ya ndimu huiona ikigeuka nyekundu.