Kufungua Daftari: Safari ya Neno Moja la Uhasibu kutoka Soko la Ujiji hadi Mwalo wa Kibirizi

Miongoni mwa maneno ambayo mtunga istilahi huyapita bila kuyatazama mara mbili ni kitenzi "kufungua". Twafungua mlango, twafungua mkutano, twafungua akaunti benki, na sasa twafungua faili katika kompyuta. Kwa kuwa neno lenyewe ni la Kiswahili halisi na kila mtu analielewa, hudhaniwa kwamba halina kazi ya kufanyiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba uzembe wetu katika jambo hili umekwisha kuwagharimu watu mali yao.

Nilipokuwa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, kwa kazi ya kukusanya majina ya vyombo na zana za uvuvi, nilifika katika duka la mama mmoja anayenunua dagaa na migebuka mwaloni na kuwauzia wafanyabiashara wa bara. Hesabu zake zilikuwa zikiwekwa kwa programu ya uhasibu katika kompyuta mbili zilizounganishwa, moja mbele ya duka na nyingine ghalani. Asubuhi moja mashine ya mbele ilimwandikia karani wake, kwa Kiingereza, kwamba faili la kampuni haliwezi kufunguliwa. Karani akampigia simu fundi aliyekuwa mbali, akamwambia, "Kaka, faili limekufa." Fundi, kwa kusikia kwamba limekufa, akamwelekeza azime mashine zote mbili, aziwashe tena, afute faili lile na kurejesha nakala ya akiba. Nakala hiyo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Baadaye ilijulikana kwamba faili halikuwa na ubaya wowote. Mtu wa ghalani alikuwa amelifungua kwa namna ya mtumiaji mmoja pekee, akaenda mwaloni kupokea mzigo bila kulifunga. Mashine zilipozimwa, faili likawa limekwisha kuachiwa. Lau karani angalijaribu kulifungua kabla ya kulifuta, lingalifunguka. Madeni ya miezi mitatu yalipotea, yakabaki yale tu ambayo mama mwenyewe alikuwa ameyaandika kwa kalamu. Nilipomwuliza karani kwa nini alisema faili limekufa, alinijibu, "Sikuwa na neno jingine, ndugu. Halikunijibu, nikaona limekufa." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yatufundisha kwamba hesabu isiyosomeka si lazima iwe hesabu iliyoharibika. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji na kueleza desturi ya soko la huko. Fedha iliyotumika ilikuwa shanga za namna moja zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko. Mtu aliyefika na shanga za namna nyingine hakuweza kununua kitu mpaka abadilishe. Kwa hiyo soko lilipoanza, walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliozibadilisha kwa shanga za wanunuzi. Na soko lilipokwisha, walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Shanga za mgeni hazikuwa mbovu. Zilikosa tu kuwa za namna inayokubaliwa pale. Hapa tunaona kwamba haja ya mbadilishaji, anayegeuza kitu kutoka umbo moja hadi jingine, ilikuwapo Ujiji kabla ya mashine yoyote.

Yafaa pia kutazama maneno yenyewe. Katika biashara ya misafara shanga zilihesabiwa kwa khete, yaani uzi mmoja wa shanga, na khete kumi zilifanya fundo moja. Neno "faili", ambalo tumelipokea kutoka Kiingereza, asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwani zamani karatasi za ofisi zilitungwa katika uzi ili zisitawanyike. Neno "daftari" lilitufikia kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi. "Jalada" nalo, kwa Kiarabu, lina nasaba na ngozi. Hivyo basi mataifa mbalimbali, bila kushauriana, yaliita kumbukumbu zao kwa jina la kitu kinachozishika pamoja. Huo ndio mzizi wa maana ya "kufungua" katika uhasibu: kulegeza kile kinachoshika ili yaliyomo yaonekane.

Mfano wa pili ni wa hati. Wakati wa utawala wa Wajerumani, barua na kumbukumbu nyingi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tangu miaka ya 1890, kwa kufunguliwa kwa shule za serikali kama ile ya Tanga, wakafunzwa makarani wa kuandika kwa herufi za Kirumi, na pole pole herufi hizo zikashika ofisi. Karani wa kizazi kipya aliyekabidhiwa daftari la mtangulizi wake aliweza kukuta kwamba lugha ni yake lakini hati si yake. Angalifunua kurasa zote, na bado daftari lingalikuwa limefungwa kwake. Kadhalika, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikaleta Wabelgiji mwaka 1916, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ikapewa na Uingereza eneo lake maalum katika bandari ya Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Mji mmoja ukawa na ofisi za Kifaransa na za Kiingereza, na Kiswahili kikafanya kazi ya daraja kati ya watu wa gatini.

Mfano wa tatu ni wa mashine. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza lakini yenye asili ya Marekani, kwani ilikuwa mashine ya kampuni ya RCA iliyopewa jina jingine. Kampuni hiyohiyo ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza, mwaka 1964, jamii nyingine ya mashine, zile za 1900, ambazo hazikuwa na ukoo mmoja na zile za 1500. Programu ya moja haikuweza kutumika katika nyingine bila kuandikwa upya, na kumbukumbu zilihitaji kugeuzwa. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizokabidhiwa mashine kuingia matatani, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na amri hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Jambo hilo lina uzito kwetu sisi watu wa lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kwa sheria ya mwaka 1972. Uhasibu wa kalamu ulipata maneno yake: mizania, urari, ankara, stakabadhi, mkaguzi wa hesabu. Lakini uhasibu wa kompyuta ulipoenea madukani, maneno mengi yalikuja pamoja na mashine, kwa Kiingereza. Tulijadiliana kwa muda mrefu kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa jitihada zilizohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, tulitaja vitu zaidi kuliko tulivyotaja matatizo ya vitu. Mtu akijua jina la mashine bali hajui jina la ugonjwa wake, hataweza kuomba dawa ifaayo.

Sentensi moja ya Kiingereza isemayo kwamba faili haliwezi kufunguliwa huficha hali tano zilizo mbali sana. Napendekeza tuzitenge hivi:

(a) Faili halionekani. Limehamishwa, au njia ya kulifikia katika mtandao imekatika. Dawa yake ni kulitafuta.

(b) Faili limeshikwa. Mtumiaji mwingine analitumia peke yake. Dawa yake ni kumwomba aliachie.

(c) Faili halipatani na programu. Limeandikwa kwa toleo jipya, na programu iliyopo ni ya toleo la zamani. Dawa yake ni kupata toleo linalolingana. Hizi ndizo shanga za mgeni katika soko la Ujiji.

(d) Faili limezuiliwa. Mtumiaji hana ruhusa au hana neno la siri. Dawa yake iko kwa mwenye mamlaka.

(e) Faili limeharibika. Aghalabu umeme ulikatika wakati programu ikiandika. Mkoa wa Kigoma, ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, waijua hali hii vizuri. Dawa yake ni kulitengeneza, na likishindikana, kurejesha nakala ya akiba.

Katika hali hizi tano, ni moja tu inayoweza kudai faili liachwe, na hata hiyo si mara zote. Katika zote, hapana budi kwanza kufanya nakala ya faili kama lilivyo kabla ya kuligusa. "Kufa" si istilahi, wala isikubaliwe kuwa istilahi, maana neno hilo humwelekeza msikilizaji kwenye maziko.

Yawezekana wasomaji wenye uzoefu wakaona "limeshikwa" ni neno la mtaani, wakapendelea "limefungwa". Nami nasema kwamba "limefungwa" lina maana mbili zinazogongana: faili lililofungwa vizuri baada ya kazi, na faili ambalo mwingine amelizuia. Karani wa Kibirizi asingejua ni lipi kati ya hayo mawili. Istilahi nzuri ni ile inayomzuia mtu asikosee akiwa na haraka.

Yule mama alikusanya sehemu ya madeni yake kwa daftari la mkono. Aliniambia, akilifunua mbele yangu, "Hili halijapata kunikatalia, mwanangu." Sikumpinga. Bali naamini kwamba daftari lile halikumkatalia kwa sababu kila kilichokuwamo alikiandika kwa lugha yake, na kila lilipomtatiza aliweza kusema linamtatiza nini. Watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaombwa kuyapima mapendekezo haya matano katika kazi zao, na kuleta maoni yao Barazani.